Kibao cha Mtunzi

Mkono wa kulia wa joho la mtunzi wa muziki wa kasri ulikuwa na vumbi la chaki siku zote. Alitunga kwenye kibao alichokipakata, akakifuta kwa joho, akatunga tena, huku akivumisha wimbo puani na kutafuna kipande cha jibini kavu. Mzee Ansovino, mwimbaji wake wa miaka mingi, hakuwahi kumsikia akimbembeleza mtu.

Asubuhi moja msimamizi wa kasri aliingia, akamnyooshea Ansovino kidole pale dirishani. "Maestro, huyu sauti ya juu imemkauka. Mtawala anataka aondoke kabla ya Pasaka."

Ansovino aligeuka kumtazama mtunzi.

"Aondoke tu," mtunzi alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kibao. "Ila muziki wote wa misa ya Pasaka nimeujenga juu ya sauti yake ya chini. Wageni wa Mtawala kutoka Venisi wakija kuusikia, muwapigie kengele badala yake."

Msimamizi akakishusha kidole. "Basi abaki, jamani!"

Mlango ulipofungwa, Ansovino alisogea kuchungulia kibao. Kilikuwa kitupu, bila noti hata moja ya misa.

"Unashangaa nini, mzee wangu?" mtunzi alisema, akiokota chaki. "Hebu nipe sauti yako ya chini kabisa. Upesi, Pasaka ni wiki ijayo."