Mkono Mwekundu wa Ndege ya Tena

Wanaume wengine walipofutwa kazi miaka ile ya tisini walinunua posho mill ya kusagia unga, au walifungua kioski, au walirudi Magharibi kulima mahindi. Wangu alijenga ndege. Sitii chumvi. Ndege ya kweli, ya kukaliwa na watu wawili, pale uani kwetu, mtaa wa Tena, Nairobi, mabawa yameegemezwa ukutani na mwili umefunikwa turubai, mpaka nguo zangu nikawa naanika kwa jirani.

Alikuwa fundi wa ndege katika karakana moja ya uwanja mdogo, na walipopunguza watu wakampunguza yeye. Kiinua mgongo chake chote kikaishia chini ya hilo turubai. Mimi nilinuna, na kununa nakujua. Majirani waliniita mke wa rubani, na haikuwa kwa heshima. Nikipanga foleni ya maji, kuna mmoja hakukosa kuniuliza, "Mke wa rubani, si uruke tu ufike mbele?" Nilikuwa nachota maji yangu kimya na kurudi nyumbani kumgombeza mwenye ndege.

Halafu siku moja mambo yakageuka. Mwenye karakana nyingine ya ndege alisikia habari zake, akatuma ujumbe kwamba Jumamosi angekuja pale pale Tena na mkaguzi. Mkaguzi akiridhika na mwili, magurudumu na injini, mume wangu angechukuliwa kuwa fundi mkuu. Kazi, jamani! Kazi ya mshahara, ya kutoka asubuhi umevaa ovaroli safi. Tangu siku hiyo niliacha kununa. Hata turubai nikawa nalifunga mwenyewe jioni, na aliyecheka nje ya geti alinisikia.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu, mkono wa kuvutia. Ndege kama ile haisukumwi ovyo kama gari lililozimika. Ukiegemea bawa unalibonyeza, ukisukuma propela unaiharibu. Inavutwa kwa gurudumu la mbele, kwa chuma kirefu chenye vidole viwili mwishoni vinavyoingia kwenye matundu ya ekseli, huku na huku. Ukipeleka mkono kulia, gurudumu linageuka kulia. Ukimaliza kuvuta, unautoa. Hilo la kuutoa alilirudia mpaka nikalikariri kama sala, maana propela iko hapo hapo juu yake. Injini ikiwashwa mkono ukiwa bado mahali pake, vyote viwili vinavunjika, na pengine kichwa cha mtu pia.

Kwanza alijaribu mpini wa mkokoteni aliopewa na ndugu yake. Akauinua, akaushusha. "Huu ni wa kuvutia viazi," akasema. Kisha nikamkuta chumbani ameinama, anagonga chuma cha kitanda chetu kwa kidole na kusikiliza.

"Baba watoto, nakuona."

"Naangalia tu."

"Angalia ukuta. Ukigusa kitanda changu utalala kwenye ndege yako."

Akaenda kung'oa mlingoti wa antena ya televisheni. Kuanzia hapo tukawa tunatazama mvua tu kwenye skrini, lakini bomba la mlingoti lilikuwa jepesi na refu vya kutosha, mtu avute bila kupinda mgongo na bila kichwa chake kukaribia propela. Juu akafunga usukani wa baiskeli mbovu ili mtu apate pa kushika. Chini akatengeneza vile vidole viwili, akavipiga tupa na kuvijaribu, akavipiga tupa tena, mpaka vikawa vinaingia kwenye matundu bila kulazimishwa. Katikati akatia springi ya kuvibana. Akaupaka wote rangi nyekundu, asitokee wa kuusahau.

Aliponiita niujaribu, nilivuta ile ndege kutoka ukutani hadi getini peke yangu, na kanga yangu kiunoni. Ilinifuata taratibu. Nilicheka kwa sauti, mume wangu akacheka pia, na nakumbuka niliwaza kwamba huyu mtu hana wazimu, kumbe anajua anachofanya.

Mkono ule uliibiwa siku hiyo hiyo. Aliuacha umeshika gurudumu, tukaingia ndani kunywa chai, tukatoka tukakuta matundu matupu na geti limeachwa wazi. Sikushangaa. Kwetu Eastlands watu walichora namba za magari kwenye vioo vya pembeni na kuzipigilia taa kwa ribiti. Jirani yangu alichomelea kifuniko cha tangi lake la maji, akawa anayanyonya kwa mpira. Kitu kinachotoka, ukigeuza shingo tu, kimetoka.

Aliyeumia kuliko sote alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi wa mageti kule Shauri Moyo. Alimpenda ndugu yake huyu kupita kiasi. Wateja wake wote alikuwa amewaambia kwamba bro anajenga ndege. "Wameiba mkono wa ndege ya bro? Yawa!" akasema, macho yamemtoka. "Naleta ingine Jumamosi asubuhi. Hii hawaibi, nakwambia." Haki ya Mungu, nilimwitikia amina.

Jumamosi mume wangu alitoka na mtungi kwenda kununua petroli ya kuwashia injini mbele ya wageni. Mimi nilikuwa jikoni nasukuma chapati za hao wageni. Nilisikia shemeji akiingia, nikamsalimu kupitia dirishani, nikaendelea na unga wangu. Baadaye nikasikia mashine ya kuchomelea ikipasua pasua, lakini mtaani Tena, Jumamosi kila ploti inachomelea geti, nani angeinua kichwa kwa hilo? Nilipotoka kumwaga maji ndipo nikaona waya mrefu umetoka kwa fundi wa ploti ya pili, na mwisho wake amechuchumaa shemeji, anavua miwani, jasho tele, meno yote nje.

"Shemeji, kuja uone! Hata wakuje na nyundo."

Alikuwa ameleta bomba nene la geti. Akalishikanisha kwa moto na uma, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, akazungusha pande zote, mshono mnene kama kidole gumba. Uma wenyewe ulikuwa wa bomba jembamba la chuma ambalo mume wangu alilipata kwenye ndege iliyoanguka. Halipatikani kwenye duka lolote la Nairobi. Sasa lilikuwa limegeuka rangi, bluu na nyeusi, na limepinda kidogo kwa joto.

"Ala! Shemeji, si huu hutolewa?"

"Si ile ingine ilitolewa, ikaenda?"

Mikono yangu ilikuwa na unga, na nilitamani kumpiga nayo. Hapo hapo mume wangu akaingia na mtungi wake, na nyuma yake gari la wageni likasimama.

Aliweka mtungi chini. Akagusa uma kwa kidole, akakitoa haraka kwa sababu ulikuwa bado moto. Mkaguzi akainama, akatazama kwa muda, akauliza, "Nani amefanya hii?"

Shemeji akatanua kifua. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

"Ni mimi," akasema mume wangu.

Kisha akaniangalia. Mke anayajua macho ya mumewe, na yale yalikuwa ya kuniambia ninyamaze mbele za watu. Nikapangusa unga kwenye kanga.

"Fundi wa miaka yote hiyo," yule mwenye karakana akasema, "unachomelea mkono wa kuvutia kwenye gurudumu?"

"Kuna wezi hapa, mzee."

Mkaguzi hakucheka. Injini hakuitazama hata kidogo. Mwenye karakana alisema mtu wa namna hiyo hawezi kumkabidhi ndege za watu, akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniuma zaidi. Walikataa hata chai. Shemeji alikula chapati zake na za wageni, akiuliza mbona wamekimbia.

Alipoondoka nililipuka. Kwa nini ajitwike kosa lisilo lake? Sisi je, na watoto? Mume wangu alikuwa anavua viatu. "Ningemwaibishaje ndugu yangu mbele ya watu?" akasema. "Alikuja kunisaidia." Hajawahi kusema zaidi ya hapo, na nimemuuliza mara nyingi.

Alipata kazi ya kulinda geti la kiwanda cha sabuni. Ndege hakuigusa tena. Turubai ndilo lililotangulia kwenda, likafuatwa na viti na nyaya. Magurudumu ya nyuma yakaenda, na injini ikatoka kwa mkokoteni mchana kweupe, kana kwamba tumeiuza. Mabati ya mwili yaliishia kwa watengeneza sufuria, na sitashangaa ikiwa nimepikia mojawapo. Mwishowe likabaki lile bomba la geti na uma uliopinda, vimelala pale ukutani. Wezi walikuja, wakavuta vitengane, vikakataa, na kwa uzito ule wakaviacha.

Kila Krismasi shemeji anakuja na watoto wake. Kabla hajaketi anapita uani, analipiga teke lile bomba, na kuniita. "Shemeji, unaona kazi yangu? Vitu vyote walibeba. Hii walishindwa!"

"Kweli, bro," mume wangu anamwambia. "Hii walishindwa."

Na mimi nafungua kinywa, lakini tayari ananiangalia kwa macho yale yale, basi naingia jikoni kusukuma chapati.