Konyagi kwa Jina la Kifaransa

Jumamosi, kwenye duka la keki hapa Edmonton, muuzaji alimpa mama mmoja wa Kipemba kipande cha kuonja. Mama akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, tuliyekuwa tumeshasalimiana kwa Kiswahili.

"Mwanangu, niulizie, hamna kileo humu?"

Nikauliza kwa Kiingereza.

"Hakuna pombe," muuzaji akajibu. Mama akatia keki kinywani. Ndipo muuzaji akaongeza, "Ni konyaki kidogo tu, ya kuleta ladha."

Mama akatoa leso, akatema.

"Konyaki? Si ndiyo konyagi hiyo!" Akaniambia kwamba zamani kwao konyagi ilikuwa brandi ya Wafaransa, yenye rangi ya chai, kule bara ndiko jina lilikohamia kwenye pombe nyeupe.

Muuzaji akacheka, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Imeshaokwa, kileo kimeishia motoni. Mwambie asijali."

Damu ilinichemka. Nilimwambia kwa sauti iliyosikika dukani kote kwamba kinywa si chake, wala dini si yake.

"Mwache," mama akasema, akinivuta mkono. "Nitafutie maji nisukutue."

Akasukutua pale nje, kando ya barabara, machozi yakimlengalenga. Mtu akikuuliza kama kuna kileo, hakuulizi Wafaransa wanakiitaje.