Niliichagulia Sebule Kitanda, Mama Mkwe Akaumia

Jamani, mwenye makosa ni mimi. Nimeshamlaumu muuzaji, nimemlaumu mume wangu, hata mama wa watu nilimlaumu, lakini kila nikizunguka narudi palepale, kwangu mwenyewe. Acha niseme, labda kifua kitapungua uzito.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nililetwa Mbinga kikazi nikitokea mkoa wa mbali, nikaolewa hukuhuku na Mmatengo. Mama yake alikuwa anaishi Mbuji kwenye shamba lake la kahawa. Mwaka jana magoti yakamgomea kabisa, tukamleta kwetu mjini.

Chumba tulimpa kizuri. Lakini mama hapendi kukaa peke yake. Mchana kutwa alikuwa amelala kule nyuma anasikiliza sauti zetu za sebuleni. Baba Neema, mume wangu, akasema, "Tutafute kitanda tuweke sebuleni, mama awe anajinyoosha mchana huku anaona watu."

Wazo la maana kabisa. Kazi ya kuchagua nikaichukua mimi. Hapo ndipo nilipoharibu!

Cha kwanza kilikuwepo kwake Mbuji. Kitanda cha zamani cha mninga, kimesukwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, kazi ya mafundi wa misheni enzi za ujana wa marehemu baba mkwe. Tulikwenda naye kukiangalia. Mama akakaa, akashika mbao ya pembeni, akainuka mwenyewe. Uso ukamng'aa!

"Ameinuka mwenyewe," mume wangu akasema. "Tunatafuta nini tena?"

Nikamvuta pembeni. "Baba Neema, hiki kinanuka moshi. Wageni watafikiri tumehamishia jiko sebuleni."

Cha pili tulikikuta Kitai, kwa mtumishi mstaafu aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Si cha kale sana wala si kipya, kina springi, kina mikono ya mbao. Urefu wake ulimfaa mama vizuri tu. Kilihitaji kubadilishwa kitambaa, basi. Nacho nikakikataa. Eti kina rangi ya ugoro! Nilisema hivyo mbele ya mwenye nyumba, bila aibu.

Ukweli ni kwamba moyo wangu ulikuwa umeshakwenda Songea. Kuna kimoja nilikiona kwenye simu, muuzaji anakiita "deibedi". Kipya, veliveti ya kijani, miguu myembamba ya rangi ya dhahabu, kiko chini chini kama vile vya kwenye tamthilia. Mume wangu akauliza mama atainukaje pale. Nikamjibu, "Wewe shughulika na shamba, sebule niachie mimi."

Loo, mdomo huu!

Kikaja. Wenzangu wa ofisini wakaja kukiona, wakapiga picha, nami nikaweka status. Mama nikamkalisha, akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu.

"Umekipenda, mama?"

"Kizuri sana, mwanangu. Asante."

Nikaamini!

Tangu hapo nyumba nzima ikawa inalinda kitambaa. Mtoto akipita na uji, nafoka. "Toka hapo! Ukimwaga hapo utanitambua!" Na mama amelala palepale, ananisikia.

Haukupita muda mama akaanza kukataa chai. Maji hataki. Mbasa, yule samaki wa ziwani anayempenda kuliko nyama, anachovya tonge kwenye mchuzi mara moja, anasogeza bakuli. "Nimeshiba, mwanangu." Mimi nikaona ananisusia. Nikampigia simu wifi yangu aliyeolewa Tingi, nikalalamika kweli kweli: "Mama yenu amenichoka, wifi. Chakula changu hakitaki."

Asubuhi moja akaamka anaongea maneno yasiyoeleweka, midomo imepasuka. Tukamkimbiza hospitali. Muuguzi akambinya ngozi ya mkono, akaniangalia. "Huyu mama hanywi maji. Nani anakaa naye?"

"Anapewa, hataki!" nikajibu kwa ukali. Nilijiona naonewa, jamani!

Wifi akaja. Mama alipopata nafuu wakaongea Kimatengo wao wawili, mama taratibu, macho yake kwenye shuka. Mimi Kimatengo changu ni cha salamu tu. Kisha wifi akanigeukia.

"Mama anasema akinywa lazima aende chooni. Kwenye kile kitu chenu hawezi kuinuka mpaka ainuliwe, na mchana mko kazini, yuko na dada wa kazi ambaye hana nguvu za kumbeba. Aliogopa asije akakilowesha, wifi. Akaogopa utamfokea kama unavyowafokea watoto."

Nilikosa pa kuweka macho.

Mama aliruhusiwa, lakini hakurudi kwangu. Alikwenda Tingi na binti yake. Mume wangu hakunigombeza, na hilo ndilo linanimaliza. Ananisalimia, anakula, anashukuru. Kile kitanda hakigusi. Anavuta kiti cha plastiki anakaa.

Nikahangaika kurekebisha. Nilikiinua kwa matofali, mguu ukapinda. Tukaenda Mbuji kufuata kile cha zamani, baba mdogo wa mume wangu alishakigawa. Cha Kitai kilishanunuliwa. Kila nilikoshika nilikuwa nimechelewa!

Mwisho nikaenda Tingi mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mbao za kawaida, mume wa wifi amekipigia misumari mwenyewe, ubavuni kuna mti wa kushika. Nilipiga magoti nikaomba radhi, nikalia. Akaniambia alishanisamehe zamani. Nikamwomba turudi wote Mbinga.

Akacheka kidogo. "Mwanangu, hapa nakunywa maji ninavyotaka."

Nililala siku moja, nikapanda gari nikarudi kwenye veliveti yangu ya kijani. Iko safi mpaka leo, haina doa hata moja. Nikiitazama nasikia hasira, najifungia chumbani.

Wewe unayenisoma, kama una mzazi nyumbani na unatafuta kitanda cha sebuleni, cha kale, cha mtumba au kipya cha dukani, nunua unachotaka. Lakini usimwulize kama amekipenda, kwa sababu atakwambia amekipenda. Mwambie akae. Kisha wewe rudi nyuma, mikono yako uifunge, umwangalie akiinuka.