Milimita Tisa

Mume wangu alikuwa akitengeneza magitaa uani kwetu, Raskazone, na kazi ya msasa ilikuwa yangu. Daraja, kile kipande cha mti kinachogundishwa kwenye kifua cha gitaa kikashika nyuzi, ndilo lililokuwa ugomvi wetu wa kila siku. Mimi nilitaka liwe nene. Hewa ya bahari inalegeza gundi na kupinda mbao, nilimwambia, jembamba litapasuka watu waje kutulaumu. Yeye alicheka tu.

"Ukiliacha nene, mke wangu, umelikalia gitaa kifuani. Litatoaje sauti?"

Unene aliupata kwa sikio. Aliligonga daraja kwa kucha kabla ya kuligundisha, akasikiliza, kisha akaandika kwa penseli tarakimu ya unene anaoutaka. Aliiandika juu, upande ule ule utakaoliwa na randa. Nilimuuliza mbona asiandike chini, pasipofutika. Akasema maandishi yakitoweka ndipo anapojua kazi imeanza.

Alifariki asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na sikulia. Wageni walinikodolea macho wakingoja machozi, nami nilikuwa nawaza kama sukari ya chai itatosha. Sikuhisi kitu. Hata huko kutohisi hakukunisumbua.

Kwenye meza yake ya kazi alikuwa ameacha gitaa moja, la mwalimu wa kwaya wa huko Amani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa daraja. Lilikuwa la mninga, nene milimita kumi na mbili, na juu yake ameandika 9, kwa ule mkia wake mrefu uliopinda. Mwalimu alisubiri eda yote bila kupiga simu hata mara moja. Nilipotoka eda nililigundisha daraja kama lilivyo, na tisa yake juu, nikafunga nyuzi. Nilijiambia ni kwa sababu ya unyevu. Uongo mtupu.

Mwalimu akaja. "Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba." Akalipiga gitaa kidogo, akakaza uzi mmoja, akalipiga tena.

"Ni zuri, mama," akasema.

Adabu zake ziliniudhi. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayesema huku amejiziba mdomo kwa mto.

"Si zuri," nilimjibu. "Keti."

Nilizitoa nyuzi, nikachukua tupa na msasa. Penseli haina kina. Tisa ilifutika nilipopitisha msasa mara tatu tu, mkia kwanza, kisha duara, na milimita tatu nzima zilikuwa bado zinaningoja. Niliendelea. Mkono uliijua kazi, kichwani hamkuwa na neno. Vumbi jekundu la mninga likanijaa mapajani, na mwandiko wake umo humo humo. Nikapima kumi na moja, nikapima kumi, mgongo ukauma, nikapima tisa.

Mwalimu alifunga nyuzi mwenyewe, akalipiga. Safari hii sauti ilitoka nzima, ikafika mpaka jikoni. Niligeukia mlangoni kumwita mume wangu aje asikie, na mdomo ulikuwa umeshafunguka kabla sijakumbuka.