Kadi Shingoni Hadi Kariakoo

Kwaya yetu ya Masasi ilinituma Dar es Salaam kununua kitambaa cha sare, nami nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mwenye heshima zake. Jubilei ya parokia ilikuwa imekaribia, na mwaka uliopita tulishaaibika vya kutosha: besi walivaa damu ya mzee, sauti ya kwanza wakavaa rangi iliyojidai kuwa damu ya mzee, na picha zipo. Safari hii kitambaa kingetoka Kariakoo, majora ya rangi moja, na ningekichagua mimi, Mwalimu Anjela, katibu wa kwaya. Akiba yetu yote, pamoja na ya kununulia kinanda, iliingizwa kwenye akaunti yangu kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa na kadi ya kisasa, ile ya kugusisha kwenye mashine na malipo yakapita. Kama ingeibiwa nisingerudi Masasi, hilo nalisema wazi.

Basi liliondoka alfajiri. Njia nzima nilimweleza jirani yangu wa kiti jinsi kadi hiyo inavyofanya kazi, ingawa hakuuliza. Kufika Kibiti alikuwa amelala, au amejilaza kwa makusudi.

Jioni nilifika Magomeni kwa Bakari, mtoto wa mama yangu mdogo, anayeuza makava ya simu na anayejua kila kitu.

"Dada Anjela, kadi iko wapi?" aliniuliza hata chai sijanywa.

"Kwenye pochi."

"Pochi! Kariakoo na pochi! Dada, hizi kadi za kugusa ni hatari. Siku hizi mwizi anakupitia tu. Kimashine kakificha ndani ya koti, anakusukuma kidogo hivi, imekula kwako."

Nilimuuliza ni nani anayemjua aliyeibiwa namna hiyo. Akasema ni rafiki wa jirani wa mteja wake. Ushahidi huo ulinitosha kabisa, mimi niliyesomesha watoto sayansi miaka ishirini.

Basi akaifunga kadi kwa ile karatasi ya kung'aa ya kufungia kuku wa kuchoma, ambayo kuku wake alikuwa ametoka humo mchana uleule. Bado hakuridhika. Akapasha msumari moto kwenye jiko la mkaa, akatoboa kadi pembeni, akapitisha kamba ya kiatu. "Iweke shingoni, ndani ya gauni," alisema. "Hapo hata jini hafiki." Tukapongezana.

Saa mbili asubuhi bajaji ilinishusha Kariakoo. Mtu anayeogopa kuguswa hana sababu ya kwenda pale. Wapagazi walipita na marobota kichwani wakipiga kelele za njia, machinga walinipangia suruali begani bila ruhusa, na mkokoteni wa viazi ulinibana ukutani. Kila aliyevaa koti nilimwona mwizi, na kwa joto lile aliyevaa koti alikuwa mmoja tu, sanamu ya dukani. Nilitembea mikono miwili kifuani, nikiuonyesha mtaa mzima mahali mali ilipo.

"Dada, unaumwa kifua?" aliniuliza mpagazi mmoja mrefu, jina lake Hamisi.

Nikamwambia siumwi, natafuta duka la vitambaa. Neno dada lilinipendeza, nikamkodi papo hapo anibebee mzigo.

Saa nne tulikuwa kwa Bi Rukia, mama wa Kiarabu anayeuza majora katika duka aliloachiwa na baba yake. Nilipata kijani kilichoiva, majora manne, rangi moja bila ubishi. Tulipatana bei huku nikimsimulia habari za kwaya na za kinanda. Mashine yake ya kadi ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi. Akaifunua. Nikawapa wateja mgongo, nikavuta kamba, nikamenya karatasi, harufu ya kuku ikajaa duka. Nikagusisha kadi kwa madaha. Kimya. Nikagusisha tena, nikaisugua kabisa.

Bi Rukia akaichukua akaiangalia. "Mwalimu, kadi hii ina tundu."

"La usalama," nikasema.

"Usalama wa nani? Humu pembeni mna kijiwaya kinazunguka, ndicho kinachoongea na mashine. Mmekikata."

"Kwa hiyo mwizi asingeweza kuigusa?"

"Wala wewe. Tuichomeke basi. Weka namba ya siri."

Alininyooshea mashine nibonyeze mwenyewe. Lakini mimi kwetu, kwa wakala, huitaja namba naye akabonyeza, ndivyo tulivyozoea. Nikaitaja. Ni mwaka wangu wa kuzaliwa, nikausoma tarakimu moja moja, kwa sauti ileile ninayotolea imla hadi dawati la nyuma.

Duka zima likageuka kunitazama. Hamisi akavua kofia.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nisamehe, nilikuwa nakuita dada."

"Marahaba," nikajibu, kisha ndipo nikatambua nilichofanya. Malipo yalipita, ndiyo, lakini fedha ya kinanda ilibaki kwenye akaunti, na namba yake ilishafika kwa wauza soksi wa nje. Niliogopa kweli, wala sioni haya kusema.

"Nenda kabadilishe sasa hivi," Bi Rukia alisema. "Mashine ya benki iko kona ile."

Nilikimbia, Hamisi nyuma yangu na majora yote kichwani. Kwenye mashine aliyatua, akanigeuzia mgongo, akatazama barabara.

"Badilisha, mama. Mimi sitazami. Na ukiitaja, itaje moyoni."

Kesho yake nilirudi Masasi. Kitambaa kilishangiliwa, na jioni kamati ikakaa. Nilisimulia yote, hata tundu, hata namba ya zamani. Wakacheka hadi machozi. Nikawaambia nilichojifunza: yule mwizi wa koti sikumwona, na kazi yake nusura niifanye mimi kwa mdomo wangu.

"Vizuri sana," alisema Mzee Chilumba, mwenyekiti. "Sasa namba mpya ni ipi, katibu? Tuiandike kwenye muhtasari. Kwa uwazi tu, ya zamani si ulitutajia wote?"

Nikakataa. Nikaeleza, nikaeleza tena. Hakuna aliyecheka safari hii. Mama mmoja wa sauti ya pili aliguna, mwenzake akamwambia kitu sikioni.

Hakuna aliyenitukana. Wameniamini, wanasema. Ila tangu siku hiyo nikienda benki kamati hunipa mtu wa kunisindikiza, na nikifika kwenye mashine husimama nyuma yangu kabisa, akanyoosha shingo.