Bwana Safi na Kulabu ya Winchi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mtu safi. Ndiyo sifa yake, na sijawahi kusikia nyingine. Siku alipokuja kwetu kuposa, kabla hajakaa alitoa kitambaa mfukoni akafuta kiti ambacho mama alishakifuta mara mbili. Mama alifurahi, akasema huyu kalelewa. Mimi niliona mwanamume anayeogopa kiti. Nikanyamaza, maana dada alikuwa ameshapenda na ametia pamba masikioni.

Kiwandani wanamwita Bwana Safi. Jina alipewa kwa dhihaka, naye akalipokea kama nishani. Koti lake jeupe la kazini hupigwa pasi na dada kila asubuhi, na likitoka na mkunjo mmoja usiotakiwa, nyumba nzima haikaliki.

Kazi yetu, yeye na mimi, ni moja, na tuliisomea darasa moja. Tunakagua vyuma bila kuvivunja: vali, mabomba ya boila, shafti, chochote ambacho kikipasuka kinaua mtu. Ufa mbaya mara nyingi hauonekani kwa macho. Kwa hiyo unakisafisha chuma, unakipaka rangi nyekundu nyepesi, unakiacha mpaka rangi ijipenyeze popote penye mwanya. Kisha unaifuta ile ya juu kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo tu, unapuliza unga mweupe, unangoja. Kama kuna ufa, unga unainyonya rangi iliyojificha ndani, na mstari mwekundu unajitokeza wenyewe. Ni kazi ya subira, na vidole lazima vichafuke.

Bwana Safi hawezi kuvumilia kuona wekundu umebaki juu ya chuma. Akishapaka rangi, hagusi kitambaa. Anachukua kopo la dawa ya kusafishia, anakimiminia chuma kama anayemwogesha mtoto, anasugua mpaka king'ae. Dawa inaingia ndani ya ufa na kuitoa rangi yote. Halafu anapuliza unga wake, anafunga mikono nyuma, anatazama weupe mtupu na kutabasamu. Jambo ambalo mwanafunzi anakatazwa wiki ya kwanza, yeye ameligeuza kuwa ustadi wa maisha.

Na je, walimfukuza? Thubutu! Walimpandisha cheo. Mkuu wa karakana, ambaye kwake chuma kibovu ni usumbufu tu, alimpenda mtu ambaye vyuma vyake vyote vinapita. Vyangu vilikuwa vinakataliwa, basi mimi nikawa mkorofi. Shemeji alipofanywa kiongozi wa wakaguzi, amri yake ya kwanza ilikuwa kufungia kabatini sumaku zetu za kupimia, kisa ule unga wa chuma unaotumika nazo, unaojikusanya penye ufa, unaingia kwenye kucha. Nilipomwambia kwamba anaiosha rangi kabla haijasema neno, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Shemeji," alisema, "shida yako wewe ni uchafu. Unaona nyufa kila mahali kwa sababu hufuti vizuri."

Nilikwenda kumshtaki kwa dada. Nilimkuta anapiga pasi lile koti, akanijibu bila kuinua uso. "Mume wangu anajua kazi yake. Wewe una kijicho tu, na si leo."

Basi nikameza. Ningeweza kumdharau kimya kimya mpaka nistaafu, kama si ile kulabu.

Katikati ya karakana kuna winchi kubwa, na chini ya winchi anafanya kazi kitinda mimba wetu. Kazi yake ni kufunga minyororo kwenye mzigo, kuitundika kwenye kulabu, kisha kuushika mzigo usiyumbe unapoanza kunyanyuka. Kazi hiyo alitafutiwa na Bwana Safi, na hakuna mlo wa familia ambao hatujakumbushwa.

Asubuhi moja winchi ilishushwa ili kulabu ikaguliwe kabla ya kunyanyua mfuniko wa tanuri. Nilipita nikamkuta shemeji anamalizia. Kulabu ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya, na beseni aliloliweka chini yake lilikuwa jekundu tupu. Rangi yote iliyopakwa ilikuwa mle ndani ya beseni.

"Rudia," nilimwambia. "Hiyo hujaipima, umeiogesha."

"Imepita. Mkuu nimeshamwambia."

"Anayesimama hapo chini ni mdogo wetu."

"Basi ana bahati," alisema akijikung'uta mkono wa koti, ambao haukuwa na kitu. "Kulabu yake imekaguliwa na mtu makini."

Nilimfuata mdogo wetu. Alikuwa anavaa glavu, akanicheka. "Dada, ugomvi wenu hauishi? Shemeji ndiye aliyenileta hapa. Atanileta halafu aniue?"

Mnyororo ulikuwa umeshafungwa kwenye mfuniko, dereva wa winchi ameshika vitufe vyake, mkuu wa karakana anatazama saa. Nikapaza sauti mbele ya wote.

"Shemeji! Si umesema kulabu ni nzima? Basi njoo usimame hapa na mdogo wako wakati inanyanyua. Mara hii moja tu."

Wachomeleaji wakaacha kazi na kuinua barakoa zao. Mmoja akapiga mluzi. Bwana Safi akatabasamu lile tabasamu lake la unga mweupe, akaanza kuja kwa madaha. Alipofika kwenye mstari wa njano uliochorwa sakafuni kuzunguka eneo la mzigo, akasimama. Akaitazama kulabu. Kisha akalitazama koti lake.

"Grisi inadondoka hapo," alisema. "Koti litaharibika."

Hakuna tone lililokuwa limedondoka. Kilichokuwa kinadondoka ni jasho lake, linateremka shingoni na kulowesha ukosi uliopigwa pasi na dada yangu. Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Miaka yote nilidhani ni mjinga. Kumbe alikuwa anajua, na alikuwa tayari mtoto wa mama yetu asimame mahali ambapo yeye hathubutu kutia kiatu.

Mdogo wetu alimtazama. Akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya mfuniko, akatoka nje ya mstari wa njano. Mkuu wa karakana akauliza nani atashika mzigo, na wote waligeuka kama hawakusikia. Ikabidi amwamuru Bwana Safi atoe ufunguo wa kabati.

Nilileta sumaku. Ina miguu miwili. Niliikanyagisha kwenye shingo ya kulabu, upande wa ndani wa mpindo unaobeba uzito wote, nikanyunyiza unga wa chuma. Unga ulitambaa, ukajikusanya, ukasimama katika mstari mweusi mwembamba, mrefu kama kidole changu. Wachomeleaji waliokuwa wanachungulia wakarudi nyuma.

"Huo ni mkwaruzo," alisema Bwana Safi. Akatoa kitambaa chake mfukoni, akaufuta.

Nikanyunyiza tena. Mstari ukarudi pale pale. Akafuta. Nikanyunyiza, ukarudi. Kucha zake zilikuwa zimeingia weusi, na bado alikuwa anafuta.

"Futa tena, shemeji," alisema mdogo wetu, sauti ya chini. "Futa, labda utaisha."

Kulabu ilifunguliwa na kutupwa. Bwana Safi alirudishwa nyumbani kusubiri kuitwa, na njiani, nilivyoambiwa, alikuwa analalamikia unga wa chuma.

Kesho yake nilikwenda kwao. Dada alikuwa uani na beseni, anafikicha kitambaa cha mumewe. Maji yalikuwa yamegeuka ya kijivu.

"Hiki kitu gani kisichotoka?" aliuliza. "Ameniambia ni vumbi la gari."

Nikamwambia ni nini. Nikamwambia kilifutwa wapi, mara ngapi, na nani alikuwa asimame chini ya kulabu ile. Nikamwambia habari ya mstari wa njano na koti. Sikutia chumvi, haikuhitaji. Dada alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji, na safari hii hakuniambia nina kijicho.

Ndani, Bwana Safi aliita kuuliza kama kitambaa chake kiko tayari.

Dada alikitoa kwenye beseni kikiwa hivyo hivyo, bila kukikamua. Akaingia sebuleni, akakitandaza juu ya koti jeupe lililokuwa limetundikwa kitini, likiwa limeshapigwa pasi. Kisha akachukua simu, akampigia mdogo wetu kumuuliza kama amekula.