Nyonga Yangu na Ngazi za Goba

Nilianguka asubuhi kweupe, nikishuka ngazi za nyumba yangu mwenyewe huku Goba, nimekumbatia beseni la nguo nilizotoka kuzifua bafuni juu. Nguo zilikuwa zinachuruzika maji, marumaru zikalowa, na kandambili zangu zilikuwa zimelika soli. Karibu na chini mguu ukatafuta pa kukanyaga ukapakosa. Hakukuwa na kitu cha kushika. Nilisikia mlio ndani ya mwili wangu kabla sijasikia maumivu.

Nyonga ilivunjika. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma, nikalazwa wodini nikitazama dari. Waliokuja kunipa pole walikuwa na neno moja tu. "Umri, mwalimu," walisema, wakitikisa kichwa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinipapasa mkono na kuniambia nimshukuru Mungu, sasa nipumzike, mambo ya kupanda na kushuka niwaachie vijana.

Mwanangu mkubwa alikuja na habari aliyodhani ni njema. "Mama, stoo ya chini tumeshaisafisha. Tumeweka kitanda na feni. Hutapanda ngazi tena."

"Chumba changu kina nani?"

"Hakina mtu. Lakini Mama, ngazi zimekuangusha."

"Na wewe je? Mwaka ule ulipoteguka kifundo palepale, tulikuambia umezeeka? Mkeo alipodondoka na chungu cha wali, tulimhamishia stoo?"

Nikamwambia kirekebishwe kilicho kibovu, na kibovu si mimi.

Hospitalini palikuwa na dada wa mazoezi ya viungo, mkali kweli. Alinifundisha kupanda kwa kutanguliza mguu mzima na kushuka kwa kutanguliza mguu mbovu, mkono mmoja kwenye gongo, mwingine umeshika ukingo. "Nyumbani kuna cha kushika?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba kitakuwepo.

Niliporudi nyumbani nililala stoo kweli, kwa kuwa sikuwa na ujanja. Lakini fundi wa kuchomelea nilimpigia simu nikiwa kitandani humohumo. Alipofika nikajikongoja na magongo yangu, nikamwomba apime kila kidato. Kile cha chini kabisa kilikuwa kirefu kuliko vyote. Waliojenga waliishiwa hesabu, wakafunika kosa lao kwa marumaru za kung'aa, na kwa miaka yote familia nzima tumekuwa tukijikwaa pale na kujilaumu wenyewe.

Mwanangu alirudi kutoka kazini akakuta marumaru zimebomolewa, vumbi tupu sebuleni.

"Mama, hizi zilikuwa nzuri!"

"Nzuri za kutazama. Mie nazikanyaga."

Tukaweka marumaru zenye mikwaruzo. Kidato cha chini kikasawazishwa, kingo za vidato zikapakwa rangi ya njano, taa ikapata swichi juu na chini. Bomba la chuma likapanda ukutani mwanzo hadi mwisho. Wifi alipoliona alisema nyumba imekuwa kama zahanati. Nikamwambia zahanati nimetoka, na sina hamu ya kurudi.

Siku niliyopanda, wote walisimama nyuma yangu mikono mbele, kana kwamba wanasubiri gunia lidondoke. Niliwaamuru wakae. Nikashika bomba, nikatanguliza mguu mzima, nikavuta ule mbovu. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Katikati nilipumzika, nikawa natetemeka, na mwanangu akainuka kwenye kochi.

"Kaa," nikamwambia bila kugeuka.

Akakaa. Nikafika.

Sasa ni mwaka wa pili. Mvua zikianza nyonga inauma na gongo silitupi. Nguo anashusha mwingine, maana ukaidi si upumbavu, na kandambili zilizolika nimezipiga marufuku humu ndani. Ila nalala juu, chumbani kwangu, dirisha wazi, upepo wa mlimani unaingia. Juzi wifi kanipigia simu kutoka kwake Temeke. Alizunguka zunguka na salamu, mwisho akauliza yule fundi aliyenichomelea bomba la ngazi yuko wapi siku hizi.

Nilimpa namba. Sikumcheka, mpaka nilipokata simu.